Saini Arobaini na Moja kwa Nyonga ya Adelbert

Nikutegee, nawe usikimbilie kujibu. Kiko juu ya nyumba ya tajiri na juu ya banda la maskini. Hakina ukuta, hakina mlango, hakuna aliyewahi kukitia mfukoni, na bado yupo mtu aliyekinunua kwa hati yenye muhuri. Mji usinipe, miji nimeshapewa mingi sina pa kuiweka. Fikiri tu. Umeshindwa? Ni anga.

Usicheke. Hapa Kansas, tangu enzi za mababu, sheria ya kuwabana wauza hisa za uongo watu huiita sheria ya anga la buluu. Wanasema matapeli wa zamani walikuwa hodari hata wa kumkatia mkulima kipande cha anga na kumwandikia risiti. Watu wa St. Wendelin walikijua kisa hicho toka utotoni na walikuwa wakikisimulia huku wakiwacheka waliopigwa zamani hizo. Halafu siku moja, wakiwa na akili zao timamu na miwani yao usoni, wakanunua kitu chepesi kuliko anga. Walinunua heliamu, ile gesi ya kupulizia maputo.

St. Wendelin ni kanisa moja, ghala moja la ngano na mkahawa mmoja wa Rosalia Basgall. Ndani ya mkahawa ipo meza ya duara karibu na dirisha, na juu yake kinaning'inia kibao cha mbao: MEZA YA WAONGO. Jumanne hiyo, saa tatu asubuhi, meza ilikuwa imetimia.

Wa kwanza kufika alikuwa Otilia Werth, mjane wa miaka sabini na minne. Aliwapikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana wanamwita Upawa. Shingoni huvaa lenzi kwenye uzi, na kwa lenzi hiyo husoma kila kitu: mfuko wa unga, chupa ya dawa, hata yale maandishi madogo nyuma ya tiketi ya bahati nasibu ya parokia. Kulia kwake alikaa Isidor Leiker, Jaji, ambaye mwaka mmoja zamani aliitwa mahakamani kuwa miongoni mwa raia kumi na wawili wa kuamua kesi ya mbuzi walioibwa, na tangu siku hiyo hajashuka kitini. Kushoto alikaa Sylvester Dechant, Kijana, mwenye miaka sitini na sita na nywele nyeusi kama kiatu cha askari. Wa nne alikuwa Linus Pfeifer. Huyu wanamwita Ukame, kwa sababu katika maisha yake yote hajawahi kusifia mvuno, wala mvua, wala mkate wa mdalasini wa Rosalia, ambao hata padri huusifia.

Jaji alifungua gazeti la wilaya, akakohoa kama mtu anayetaka watu wasimame.

"Sikilizeni. 'Wakili wa Darrell Rupp amemkabidhi hakimu barua ya kuomba huruma, iliyotiwa saini na wakazi arobaini na mmoja wa St. Wendelin. Thelathini na wanane kati yao ni walewale walionunua hisa za kampuni yake ya heliamu. Hukumu ni keshokutwa, Alhamisi.'"

Kisha Kijana akasema wajinga ndio waliwao, hilo analijua, lakini hajawahi kuona mtu aliyeliwa akamshikia mlaji kitambaa ajifute mdomo.

"Wilaya nzima wanatucheka," Jaji alisema. "Mtu kawaibia, wamwombee. Kondoo hawa wangepewa mkasi wangejinyoa wenyewe."

Ukame alisema kondoo wana akili, kondoo wakiona mbwa mwitu hawampigii makofi.

Hapo wote wakaanza kuwasagia meno hao arobaini na mmoja. Jaji alisema watakuwa wale wa upande wa kusini mwa reli, hawajawahi kuwa na msimamo. Kijana alisema hapana, ni akina mama wa kwaya, Rupp aliwalainisha kwa sauti yake. Hilo la sauti lilikuwa kweli. Rupp aliimba kwenye mazishi yote ya St. Wendelin, na mtu aliyemwimbia mama yako mpaka kaburini ukimkatalia biashara yake, kwenye mazishi yajayo utamtazamaje?

Nayo biashara yenyewe aliipamba. Kando ya barabara ya kanisani ilikuwapo pampu kuukuu ya mafuta, ile ya kichwa kama cha punda, iliyokufa miaka mingi. Rupp aliikodi, akaipaka rangi ya kijani, akaifungia mota ya umeme. Kila Jumapili misa ikitoka, pampu inainamisha kichwa na kukiinua, inainamisha na kukiinua, watu wanapita na magari polepole wakiiona heliamu yao inavyopanda. Jumatatu pampu ililala. Hakuna aliyeuliza, maana Jumatatu kila mtu yuko shambani kwake.

"Mwenzenu nilipita pale Jumatano moja," Kijana alisema, "nikaona ndege kajenga kiota juu ya kichwa cha pampu."

"Ukamwambia nani?" Jaji aliuliza.

"Nilidhani Jumatano ni siku ya kuipumzisha."

Rosalia alikuja na birika la kahawa. Hakumimina. Aliligeuza gazeti mikononi mwa Jaji, akaweka kidole kwenye picha iliyokuwa ukurasa wa nyuma, picha ya ile barua yenyewe na saini zake.

"Upawa," alisema, "toa lenzi yako."

Otilia akatoa lenzi, akainama. Alisoma kimya kwanza. Mabega yake yakaanza kutikisika, na wenzake hawakujua kama ni kicheko au kifafa.

"Hapa pameandikwa: 'Pole sana na nyonga mpya. Pasaka tutacheza dansi.' Sahihi, Sylvester Dechant."

Kijana aliweka kikombe chini.

"Hapa tena: 'Usinyanyue kitu kizito, na usimsikilize daktari wa Hays.' Sahihi, Isidor Leiker. Na hapa pana L. Pfeifer, hajaandika neno lolote, ila kalamu kaikandamiza mpaka karatasi imetoboka."

"Na wewe?" Ukame aliuliza.

Otilia alisogeza lenzi, ingawa mwandiko wake alishauona. "'Supu nitaleta Ijumaa. Otilia.'"

Sasa ndipo kila mmoja alipokumbuka. Kwenye meza ya malipo ya Rosalia, pembeni ya kalamu iliyofungwa kwa kamba, huwa pana kadi. Leo ni ya aliyefiwa, kesho ya aliyejifungua, keshokutwa ya aliyetimiza miaka themanini. Mtu akilipa kahawa yake anatia saini, anaandika neno la upole, anachukua kijiti cha meno, anaondoka. Kusoma kadi hakukuwa desturi, kungeonekana ni umbea. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Adelbert Goetz, aliyewekewa nyonga ya chuma. Rosalia alieleza kwa sauti ya chini kwamba kadi ya Adelbert ilikuwa ndani ya jalada la karatasi ya kahawia, na mke wa Rupp aliingia siku moja kununua pai, akaacha jalada jingine la rangi ileile juu yake, na baadaye akarudi kulichukua. Juu kabisa ya barua palikuwa na maneno "Mheshimiwa Hakimu", lakini nani anasoma juu.

"Kwa hiyo kadi ya Adelbert ina saini ngapi?" Kijana aliuliza.

"Mbili. Yangu na ya padri. Adelbert kanuna, hasalimii mtu."

"Mimi nilidhani kanuna kwa maumivu," alisema Jaji.

Basi wale kondoo wa kusini mwa reli walikuwa ni wao wenyewe, wameketi hapo na mikate yao ya mdalasini.

Jaji ndiye aliyejizoa mapema. Alisema hilo halina uzito kisheria, hakimu yeyote mwenye akili akisoma habari za nyonga ataitupa barua hiyo. Rosalia akatikisa kichwa. Wakili wa Rupp alishalitolea maelezo gazetini, ukurasa wa pili, kwamba mteja wake kweli ana matatizo ya nyonga, na watu wa St. Wendelin wana huruma mpaka kwenye mifupa.

Hapo hata Ukame alicheka, kicheko kifupi kama mlango mbovu.

"Sasa atapata nini?" Kijana aliuliza. "Jaji, tupe sheria."

Jaji alitoa sheria kwa vidole. Kuuza hisa ambazo hazikusajiliwa na jimbo ni kosa. Kuziuza bila leseni ni kosa. Kumdanganya mtu ili anunue, hilo ni kosa mama yao. Yale mawili ya mwanzo Rupp ameshayakiri, tena kwa unyenyekevu mkubwa. Anasema alisahau fomu, yeye ni mwimbaji, mambo ya fomu hayajui. Kwa hayo mtu asiye na rekodi mbaya anaweza kurudishwa nyumbani, akawa anakwenda kwa ofisa mara moja kwa mwezi kutia saini.

"Kutia saini," Otilia alisema.

"Ndiyo."

"Basi sisi tumeshatumikia adhabu yake."

Kijana alikumbusha kwamba mtoto wa jirani yao Gilbert aliiba ng'ombe wanne akafungwa miaka miwili, tena ng'ombe walirudi wenyewe. Rupp kachukua mji mzima, haujarudi hata mkia. Jaji akasema ndiyo sababu ya lile kosa la tatu. Hilo Rupp analikana; uongo ukithibitika Alhamisi, na pesa zenyewe ni nyingi kiasi hiki, ni jela ya miaka, na ikiwa waliodanganywa wana miaka sitini na zaidi, mzigo unaongezeka.

"Tazama sasa," Otilia alisema. "Miaka yote nilidhani uzee hauna faida."

Kijana aliangalia dirishani. Huko mjini Hays ana mama mmoja mjane wanayecheza naye dansi Jumamosi, na mama huyo anaamini kwamba Sylvester ana miaka hamsini na tisa.

Rosalia alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hulifanya mara chache. Akasema asubuhi hiyo, saa moja kamili, alipigiwa simu na wakili wa serikali kutoka Topeka, makao makuu ya jimbo, dada mmoja aitwaye Renata Quiroz, kijana lakini sauti yake haina mzaha. Dada huyo anajua kwamba Rupp alidanganya, ila karatasi hana. Zile hati za heliamu Rupp alizikusanya kwa watu mwaka jana akisema zinakwenda kugongwa muhuri mpya, na watu walimpa, wengine na kahawa juu. Hazikuonekana tena. Sasa anatafuta mtu mmoja tu wa kusimama mbele ya hakimu Alhamisi aseme karatasi ile iliandika nini.

"Kaniuliza swali moja," Rosalia alisema. "Kati yenu nyote mlionunua, kuna hata mmoja aliyesoma karatasi kabla ya kutia saini? Nikamwambia nitauliza. Atapiga tena saa nne."

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika ishirini na tano.

Jaji alisema bila shaka yeye alisoma, mtu wa kiwango chake hawezi kuweka kalamu popote bila kusoma. Rosalia akamuuliza iliandikwa nini.

"Yale ya kawaida."

"Yapi?"

"Kwamba pande zote mbili, kwa hiari yao, na kadhalika. Mambo ya gesi."

"Karatasi ilikuwa na kurasa ngapi, Jaji?"

Jaji alisema kurasa si hoja.

"Wewe umekaa kwenye bodi ya ushirika wa ngano miaka ishirini na nane," Kijana alimwambia. "Ukisema mbele ya hakimu kwamba husomi unachotia saini, Jumatatu watu watakuja na majembe kuuliza habari za ghala."

"Na wewe ukisimama utaulizwa umri," Jaji alimjibu. "Kwa kiapo."

Kijana akanywa kahawa iliyokwisha.

Walipogeuka kwa Ukame, Ukame alikuwa anatazama mikono yake. Naye alikuwa na lake. Usiku wa kuuza hisa, kwenye ukumbi wa parokia, Rupp aliwalisha watu supu ya maharage mabichi yenye madonge ya unga, halafu akaomba mtu yeyote aliyeiona pampu asimame. Aliyesimama alikuwa Ukame. Alisema: "Nimeiona. Inafanya kazi." Basi. Lakini mtu ambaye hajawahi kusifia hata mvua akisifia kitu, watu hutoa kalamu. Baadaye ilijulikana kwamba kwa kila jirani aliyemleta, Rupp alimpa paja moja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Yalifika mapaja saba.

"Hiyo ni kamisheni," Jaji alisema, amefurahi kupata mtu mwingine wa kuhukumu. "Umeuza hisa bila leseni kwa malipo. Sheria haisemi malipo yawe pesa."

"Paja moja miaka mingapi?" Kijana aliuliza.

"Inategemea uzito."

"Lilikuwa na chumvi mno," alisema Ukame.

Otilia hakucheka. Alikuwa amekwishaiacha lenzi ining'inie, amekunja mikono, na moyoni mwake lile swali la dada wa Topeka lilikuwa halijatoka. Kwa maana yeye alisoma.

Usiku ule ukumbini aliisukuma sahani pembeni, akatoa lenzi, akasoma kurasa zote tatu, mstari kwa mstari, kama alivyozoea kusoma orodha ya vyakula vya shule. Ukurasa wa pili pameandikwa kwamba kampuni imesajiliwa Topeka na ruhusa ya kuuza hisa inayo, na nambari ya usajili ni hii. Tarakimu tano. Otilia alizitazama mara mbili. Zilikuwa tarakimu za posta za St. Wendelin, zilezile wanazoandika kwenye kila bahasha, zilizopo kwenye bili zao za umeme na kadi zao za Krismasi. Rupp, au mvivu yeyote aliyemchapia, alihitaji nambari akachukua iliyokuwa karibu. Watu wote mle ukumbini waliijua nambari ile kuliko siku za kuzaliwa za watoto wao. Iliwapita chini ya pua na mvuke wa supu.

Aliinua kichwa aseme. Ng'ambo ya meza Jaji alikuwa amekwishatia saini, anafunga kifuniko cha kalamu. Ukame alikuwa amesimama bado, watu wanampigia makofi. Padri anaomba mkate. Otilia akajiambia, mimi ni mpishi. Kama Jaji kaona sawa, mimi nani. Labda Topeka huwapa watu nambari za miji yao. Nambari mtu hawezi kuiuliza mbele ya watu mia wanaokula, ataonekana anamvunjia Rupp heshima, na Rupp alimwimbia marehemu mumewe Ferdinand vizuri sana. Akatia saini. Pesa aliyotoa ilikuwa bima ya Ferdinand, yote, aliyotaka kuhamia nayo kwenye nyumba ndogo karibu na bintiye. Bado anaishi kwenye ile kubwa, anapanda ngazi kwa kujivuta kwa mikono.

Hilo la pesa alishalilia. Lililomtisha asubuhi hiyo ni jingine. Mwaka mzima na nusu wamekaa meza hiyo wakiambiana kwamba hakuna aliyejua, hakuna ambaye angeweza kujua, na neno hilo lilikuwa blanketi lao moja, wote wanne chini yake. Akisema alijua, blanketi linatoka. Watamuuliza kwa nini hakuwaambia. Kiti chake kitabaki hapo, ila hakuna atakayemsogezea sukari. Kahawa ya kunywa peke yako ni dawa, na Otilia dawa anazo za kutosha nyumbani.

"Na tukikausha?" Kijana aliuliza. "Tuseme hakuna aliyesoma. Si kweli? Kwa nini twende kuchekwa na wilaya nzima kwa ajili ya Rupp?"

Jaji aliunga mkono, akasema heshima ya mji nayo ina thamani, na pengine hakimu atakuwa mkali bila kusukumwa. Rosalia akawaambia jambo ambalo hawakulijua: juzi mke wa Rupp ameipaka pampu rangi mpya, ya samawati, na kanisani ameulizia bei ya kukodi ukumbi wa parokia Ijumaa.

"Ijumaa ipi?"

"Hii. Siku moja baada ya hukumu. Anasema ni karamu ya kumshukuru Mungu."

"Itakuwa na supu?" Kijana aliuliza, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe.

Walitazamana. Kila mmoja aliona ukumbi, aliona sahani zinapita na karatasi zikizifuata, na aliona watu wa St. Wendelin wanatoa kalamu. Jaji akasema watu hawawezi kuwa wajinga mara ya pili. Otilia akamwonyesha gazeti lililokuwa mbele yake.

Ndipo Jaji akaleta wazo ambalo, kwa hisani yake, tuseme lilitoka kwa hofu. Pale mezani wana dadu tano na kikombe cha ngozi. Kila asubuhi hutikisa na kumwaga, na mwenye kura mbaya hulipia wenzake. Jaji akasema watikise. Atakayeangukiwa aende mahakamani aseme alisoma. Maneno ya kusema watamtungia.

"Tukaape uongo," Otilia alisema, "ili tumfunge mtu kwa kusema uongo."

"Ni uongo wa nia njema."

"Rupp naye alikuwa anaimba vizuri."

Lakini kikombe kilikuwa kimekwishatikiswa. Kijana akapata jozi ya sita, Ukame akapata tatu tatu, Jaji akamwaga akapata takataka tupu. Aliziangalia dadu kwa muda mrefu kama anazisubiri zijigeuze. Kisha akatangaza kwamba, akifikiri vizuri, kura ya dadu ni kamari, na mahakama haiwezi kupokea shahidi aliyepatikana kwa kamari, kwa hiyo zoezi limebatilika.

"Nani kalibatilisha?"

"Mimi."

"Nyani haoni kundule," Kijana alisema, "huyu haoni hata mti aliokalia."

Saa ikasema saa nne kasoro dakika sita. Rosalia aliinuka kwenda kusimama karibu na simu. Kijana akaanza kuvaa koti, akisema ana ndama wa kuangalia, ingawa ndama aliuza Septemba. Jaji alikunja gazeti mara nne mpaka likawa dogo kama kitabu cha sala.

Ukame ndiye aliyezungumza, bila kuinua kichwa.

"Mimi nilimpigia jana."

"Nani?"

"Huyo dada wa Topeka. Nilimweleza habari za mapaja. Kaniuliza mangapi, nikasema saba. Kaniuliza kama niko tayari kuyasema Alhamisi, nikasema niko tayari."

Kijana alisimama na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje.

"Utafungwa, mzee," Jaji alisema, na safari hii hakusema kwa raha.

"Anasema hadhani. Anasema atajitahidi. Hakuahidi kitu." Ukame aligeuza kikombe chake tupu kichwa chini. "Niliwaleta watu saba kwa mkono wangu. Upawa alikuwa wa nne. Paja nililopewa kwa ajili yake nilikula Pasaka na watoto."

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza. Mlikuwa mnacheka kondoo." Akapangusa meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Ila la karatasi siwezi kumsaidia. Sikusoma. Niliona pampu tu."

Kijana alikaa tena, koti likiwa limemning'inia upande mmoja. Otilia alimtazama Ukame, mtu ambaye yeye Otilia alimchukia kimoyomoyo mwaka mzima na nusu kwa yale maneno yake ukumbini, na ambaye kila asubuhi ya mwaka huo na nusu ndiye aliyekuwa akimsogezea sukari. Alitaka kumwambia kitu. Simu ikalia.

Rosalia aliipokea, akaitikia ndiyo mara mbili, halafu akaziba sehemu ya kusemea kwa kiganja chake.

"Ni yeye. Anauliza tena: kuna hata mmoja aliyesoma?"

Jaji aliangalia dari. Kijana aliangalia kiatu. Ukame hakuangalia popote, alikuwa anangoja kama mtu anayengoja mvua asiyoiamini. Jaji akanong'ona kwamba Rosalia aseme hakuna, akate simu, wanywe kahawa.

Otilia alisukuma kiti nyuma. Magoti yalimchukua muda, nao walimsubiri.

"Mwambie yupo," alisema. "Mwambie Otilia Werth alisoma kurasa zote tatu, na nambari ya usajili ilikuwa nambari yetu ya posta, na niliijua palepale. Na akiuliza kwa nini nilinyamaza, mwambie niliona Jaji ameshatia saini, nikadhani kasoma."